Nesi Hakusema

Ukinikuta sokoni Umlazi ukaniita Nesi Gugu nitakuitikia, nimeshazoea. Jina langu ni Zibuyile, ila miaka minne ya kuvaa gauni la unesi kwenye televisheni imelifuta kabisa. Watu wananionyesha vipele vyao kwenye foleni ya benki. Mzee mmoja aliwahi kuvua kiatu mbele yangu nikiwa nanunua mkate, anataka nimtazamie kidole. Na mimi hata bendeji sijui kuifunga. Ile mnayoiona ikifungwa vizuri hufungwa na mama mmoja nesi mstaafu, inapigwa picha mikono yake tu, halafu wanarudi kwenye uso wangu nikiwa nimekunja ndita.

Nayatanguliza hayo ili nitakapowaambia kwamba nusura nimuue mtu, msije mkadhani nilikosea dawa. Dawa sikuigusa. Nilinyamaza tu, na nilinyamaza makusudi.

Yule Daktari Nomalanga mwenye miwani, anayewaliza kila Jumatatu kwenye Wodi ya Kumi na Moja, ni rafiki yangu Phumelele. Tumetoka mbali mimi na yeye. Kabla ya kazi hii tulipanga chumba kimoja mwaka mzima, tukila phuthu, ugali wetu mkavu wa punjepunje, na maziwa ya mgando asubuhi na jioni, na viatu vya kwendea kwenye majaribio ya uigizaji vilikuwa jozi moja. Akianza yeye, mimi nangoja nje peku. Kisha tukapata kazi, na mwaka wa pili wa kazi Phumelele akaolewa ukoo wa Cele, huko KwaMashu. Mumewe yuko Richards Bay kikazi, anarudi mwisho wa mwezi, kwa hiyo nyumbani wamebaki wawili, yeye na mama mkwe wake, MaNgidi. Baba mkwe hakumkuta, alikuwa ameshafariki. Lakini jina la baba mkwe alilikuta, na jina hilo lilikuwa Bomvu.

Hapo ndipo penye kazi. Kwetu Wazulu, mke wa watu halitamki jina la baba mkwe wake, awe hai awe kaburini, wala neno linalofanana nalo. Na bomvu kwa Kizulu ndiyo nyekundu. Haya, nionyeshe daktari atakayefanya kazi bila kusema nyekundu. Macho, vidonda, taa ya dharura, koo la mtoto, vyote hivyo ni vyekundu. Mwezi wa kwanza Phumelele alijaribu kusema "rangi ya nyanya", kama anavyosema jikoni kwake, na kila mtu studio akashika mbavu. Mwongozaji wetu, Bwana Govender, alikasirika akasema yeye anatengeneza mchezo wa hospitali, si wa kachumbari. Wapo walioolewa ambao wakifika kazini wanalisema tu, nani atawasikia. Phumelele alikataa. Alisema MaNgidi anatazama kila wiki, na marehemu mwenye jina hilo ni mumewe.

Mimi ndiye niliyepata dawa yake. Nilimwambia, ukilifikia neno lile nigeukie, nitakubebea. Basi ikawa hivyo. Daktari anamwinamia mgonjwa, anasema, "Naona macho yake yamekuwa," anasita, ananigeukia, nami nasema, "Mekundu, Daktari." Watazamaji walipenda hadi basi. Gazeti moja liliandika kwamba daktari na nesi wale wanasomana mawazo. Aliyependa kuliko wote ni MaNgidi. Saa moja jioni yuko mbele ya televisheni, miguu juu ya kigoda, na kila nikilisema lile neno anapiga makofi na kumwambia jirani, makoti wangu, yaani mke wa mwanangu, hakulitamka, nesi amembebea. Kila mwezi alinipikia skonzi akazituma kwenye kopo tupu la aiskrimu. Phumelele akinipa anasema, hizi ni za mbeba neno. Mimi mama yangu alifariki nikiwa darasa la sita. Skonzi zile nilikuwa nazila polepole.

Sasa siku yenyewe. Ilikuwa Jumanne, mwezi wa tatu. Niliingia chumba cha vipodozi kuazima pini, nikakuta karatasi juu ya kiti cha Phumelele. Ilikuwa mpangilio wa sehemu zinazokuja. Sina tabia ya kusoma vya watu, lakini jina langu lilikuwa pale. Nesi Gugu anasombwa na mafuriko. Maiti haipatikani. Maana yake hata jeneza hawatanunua. Tarehe ya juu ilikuwa ya wiki mbili nyuma, na pembeni, kwenye sehemu ambayo Daktari Nomalanga anapelekewa habari, kulikuwa na mwandiko ninaoujua kama wangu: lia hapa.

Wiki mbili alikuwa anajua. Wiki mbili tunakula pamoja, ananisikiliza nikimwambia nataka kuhama uchochoroni ninakokaa nipange nyumba yenye jiko, na yeye ameshapanga atalilia wapi. Nilirudisha karatasi palepale na pini nikaiacha. Ningemuuliza, yangeisha. Ningemtukana hata. Lakini mimi nikiumia sisemi, naweka moyoni, na kinyongo kikishakaa kwangu kinanifanya mtu mwingine kabisa.

Siku hiyo tulikuwa na mgao wa umeme, unakatika saa nane kamili. Saa saba na nusu bado tuna tukio moja. Mgonjwa ni bibi mmoja aliyevimba miguu kwa sababu ya vidonge vyekundu vya maumivu alivyonunua mtaani. Phumelele alimshika mkono akaanza vizuri kama kawaida yake, "Mama, vile vidonge," akasita, akanigeukia.

Nikauchuna. Niliinua macho nikatazama chupa ya dripu, nikaitazama kama vile nimeona nzi ndani yake. Sikuwa nimepanga. Niliona tu shingo yake ikinigeukia kwa uhakika ule, kama mtu anayeegemea ukuta wa nyumba yake, nikasema moyoni, na wewe ulininyamazia. Akanisubiri. Kisha akamrudia bibi peke yake.

"Vile vidonge," akasema, "viache. Kuanzia leo. Ndivyo vinavyokuvimbisha miguu."

Binti anayefuatilia maneno alisema kuna neno limerukwa. Bwana Govender akatazama saa, zimebaki dakika kumi, akasema mtazamaji vidonge havioni, rangi ya nini. Ikapita. Tukitoka, Phumelele alinishika mkono akaniuliza kama nilisahau. Nikamwambia nilisahau. Akacheka, akasema nianze kula samaki, akili inazeeka.

Sehemu ile ilirushwa baada ya wiki tatu. Sikuitazama. Siku ya kumi na moja baada ya kurushwa, Ijumaa, nikiwa nakaanga vitunguu, Phumelele akanipigia simu. Alikuwa anahema. Alisema amerudi kutoka dukani amemkuta Mama sakafuni jikoni, mdomo umeenda upande, mkono wa kulia haunyanyuki, na wako kwenye gari la jirani wanakwenda hospitali. Nilitoka na aproni. Vitunguu nilikuja kuvikuta vimekuwa makaa, na Mungu alisaidia tu nyumba haikuungua.

Mpaka nafika hospitali nilikuwa naogopa kama anavyoogopa rafiki yeyote. Woga mwingine nilikutana nao ukumbini, kutoka kwa MaDuma, jirani wa MaNgidi, mama ambaye hajui kunong'ona. Daktari wa kweli, kijana mwenye macho ya usingizi, alikuwa anauliza mgonjwa alikuwa anatumia dawa gani za presha. MaDuma akasema alikuwa na vidonge vyeupe, lakini aliviacha. Vyote aliviacha. Alivitia kwenye kopo la aiskrimu akaliweka juu ya kabati.

"Kwa nini?" daktari akauliza.

MaDuma akamwonyesha Phumelele kwa kidole. "Aliambiwa na makoti wake, kwenye televisheni. Mimi nilikuwepo, tulitazama pamoja. Alisema, siku zote makoti husubiri nesi aseme rangi. Leo nesi amenyamaza. Basi safari hii si kidonge cha rangi fulani, ni vyote, na anayeambiwa ni mimi, kwa miguu yangu hii. Nikamwambia, MaNgidi, muulize kwanza. Akasema atamuulizaje mtoto jambo alilolisema mbele ya nchi nzima."

Phumelele alikaa chini. Si kwenye benchi, sakafuni, na koti lake zuri. Alikuwa anarudia maneno mamoja, kwamba ni mdomo wake, ni mdomo wake. Nilimkumbatia pale chini. Nilikuwa natetemeka mpaka meno yanagongana, naye akanishika akaniambia, taratibu, Zibu, atapona. Alidhani natetemeka kwa ajili yake.

Daktari alisema presha imekataa kushuka, na kwamba siku tano za kwanza ndizo za kuogopa, maana kiharusi cha pili kikija hakitabakisha kitu. Nilizihesabu zile siku kama mfungwa. Nikilala naona chupa ya dripu. Tena nikakumbuka kitu kilichoninyima hata uji: wanaotutazama ni maelfu. MaNgidi ni mmoja tu, ninayemjua. Ni mama wangapi wengine wenye miguu iliyovimba walimsikia Daktari Nomalanga, wakafunga dawa zao kwenye kopo? Hadi leo namba ngeni ikinipigia siipokei mara ya kwanza.

Siku ya tano ikapita. Presha ikashuka. Mtu mwenye roho safi angefurahi akalala, lakini mimi ndipo nilipoanza kuogopa sawasawa.

Saa za kuona wagonjwa zilikuwa saa nane hadi saa tisa. Nilikwenda kila siku, maana nisingekwenda ningeulizwa. MaNgidi alikuwa amelazwa karibu na dirisha. Ulimi ulikuwa hautii, ila macho yalikuwa yake yaleyale, na nikiingia yalinipokea mlangoni, yakanifuata hadi kitini, yakatulia usoni mwangu. Wengine aliwatazama akapumzika. Mimi hakunipumzisha. Siku ya saba aliinua mkono wa kushoto, mzima, akaninyooshea, mdomo ukahangaika ukatoa, "Ne. Ne."

Phumelele alilia kwa furaha. "Umesikia? Anakuita Nesi. Neno lake la kwanza ni wewe."

Nikasema nakwenda msalani. Nilijifungia huko hadi kengele ya kuondoka ikagongwa.

Kwenye wodi ile kulikuwa na nesi mkuu, Sista Mthalane, mwanamke mpana mwenye ulimi wa kiwembe. Tangu siku ya kwanza alinifanya kichekesho chake. Nikipita ananiambia, Gugu, kaa pembeni mama, huku sindano zinachoma. Siku hiyo nilimuuliza, kwa sauti nyepesi kama vile sijali, hivi maneno ya mgonjwa wa namna hii hurudi kweli? Akasema yanarudi, mwalimu wa kusema ameshaanza naye. Akasema kwa alivyoona yeye, hutangulia lile lililokuwa moyoni kabla hajaanguka. Kisha akanitazama akaniuliza mbona nimepauka hivyo, au wamenikata mshahara.

Nitasema sasa jambo ambalo sijamwambia hata padri. Usiku ule na uliofuata nilipiga magoti, na sikumwombea MaNgidi apone. Nilimwomba Mungu amwache aishi, ale, atembee hata, ila asiseme. Mama aliyenipikia skonzi. Nilijisikia nikiomba hivyo, na sikuacha.

Wiki ya pili mambo yakageuka upande wa Phumelele. Mdogo wake marehemu Bomvu, mzee Cele, alitoka Eshowe na wazee wawili. Habari zilikuwa zimemfikia: makoti alimwambia mama mkwe atupe dawa, na sasa nyumba ni yake peke yake. Alitangaza kikao Jumapili. Alisema kama ni kweli, makoti arudishwe kwao akafundwe upya, na mtoto wao akitoka Richards Bay atakuta mambo yameshakwisha. Mume alipigiwa simu akajibu kwamba atasikiliza watakachosema wazee. Phumelele aliniambia hayo Ijumaa, tumekaa kwenye ngazi za studio. Alikuwa amekonda, pete inazunguka kidoleni.

"Wewe ndiye shahidi wangu," akasema. "Njoo Jumapili uwaambie ulisahau. Ukisema ulisahau, basi ilikuwa bahati mbaya, sikumkusudia Mama. Wananiona mimi mwongo. Wewe hawana ugomvi na wewe. Nisaidie, Zibu."

Nikasema nitakuja. Ningefanyaje? Niliiona pale pale njia ya kutokea, nyeupe, imefagiwa: niende, niseme nilisahau, Phumelele abaki na nyumba yake, mimi nibaki na siri yangu, kila mtu apate chake. Uongo wangu ungemwokoa. Nilikaribia kujiona mtu mwema. Kilichokuwa kinanitisha ni kitu kimoja tu, kwamba katikati ya Ijumaa na Jumapili kulikuwa na Jumamosi, na Jumamosi ni siku ya kumwona mgonjwa.

Jumamosi tuliingia saa nane pamoja. MaNgidi alikuwa amekalishwa, mto mgongoni, kitambaa kipya kichwani. Sista Mthalane alikuwa anamnywesha chai kwa kijiko. Phumelele akambusu, akaanza kumweleza habari za kuku na za jirani, kwa ile sauti ya juu tunayowasemesha wagonjwa. MaNgidi hakumsikiliza. Alinitazama mimi. Nikaona mdomo unajikusanya.

"Nesi," akasema. Lilitoka zima. Kisha akapumua, akalitafuta la pili, likachukua muda mrefu hivi kwamba kijiko cha Sista kilibaki hewani.

"Hukusema."

Phumelele akamshika bega. Akamwambia taratibu, ndiyo Mama, hakusema, alisahau tu, ni bahati mbaya, kesho atakuja kuwaeleza wazee. Niliitikia kwa kichwa.

MaNgidi akatikisa kichwa. Alikitikisa kwa shida, upande mmoja, kama anayefukuza nzi. Mkono wa kushoto ukapanda, ukapita juu yangu, ukaonyesha chupa ya dripu iliyoning'inia kando ya kitanda chake.

"Chupa," akasema. "Ali... aliangalia chupa."

Mimi mle studio nilidhani kamera iko kwa Phumelele. Kumbe nilikuwemo kwenye picha. Mama huyu, aliyekuwa akitazama kila Jumatatu ili anione nikilibeba neno la mumewe, aliniona nikiligeuzia uso. Maelfu waliona nesi anatazama chupa. Yeye peke yake, kwa siku zile za kulala chini ya dripu, ndiye aliyeipata maana yake.

Phumelele alikuwa bado ana tabasamu la kumtuliza mgonjwa. Likaanza kumtoka kidogokidogo. Aliigeuza tu shingo yake kwangu, akanisubiri, kama siku ile, na nikaona kwamba nikinyamaza tena nitakuwa nimekufa nikiwa nimesimama. Nikashika chuma cha kitanda.

"Sikusahau," nikasema. "Nilikuwa nimeiona ile karatasi. Lia hapa. Niliona ulininyamazia, nikakunyamazia."

Sista Mthalane akaweka kijiko kwenye kisahani, akatoka akafunga pazia nyuma yake. Nilitamani Phumelele anipige. Ningejua la kufanya kama angenipiga.

"Sikujua nitakuambiaje," akasema mwishoni. "Kila siku nilikuwa nasema nitamwambia kesho." Kisha akachukua kitambaa akampangusa Mama mdomo, akaniambia bila kunitazama, "Nenda nyumbani, Zibuyile." Hajawahi kuniita jina zima tangu tujuane.

Niliondoka. Lakini Jumapili nilikwenda KwaMashu, ingawa hakuna aliyenihitaji tena na nilijua hivyo. Wazee walikuwa wameshakaa, Phumelele yuko kwenye mkeka karibu na mlango, amejifunika shuka mabegani, uso chini. Nikapiga magoti nikasema yote, tangu pini hadi chupa. Sikusema nilisahau. Mzee Cele alinisikiliza hadi mwisho, akaniuliza swali moja tu, kwa nini, na nikajibu kwamba ni kinyongo. Akatazamana na wenzake. Akasema makoti hana kosa, alikuwa analinda jina la kaka yake, na aliyekuwa akimbebea neno ndiye aliyemwangusha. Akasema abaki kwake. Mimi hakuniambia kitu. Ikaletwa chai, na aliyeileta ni Phumelele. Alinipa kikombe kwa mikono miwili, macho chini, kama anavyompa mgeni aliyekuja mara ya kwanza. Sukari hakunitilia, akaniwekea bakuli nijitilie. Miaka yote anajua natia vijiko vitatu.

Baada ya hapo Bwana Govender alipata habari, na yeye akaogopa kwa namna yake. Aliamua tupige tukio la kusahihisha, lirushwe Jumatatu iliyofuata: yule bibi anarudi hospitali, na daktari anamweleza upya, polepole, asiache dawa ya presha hata siku moja, alichoambiwa aache ni vile vidonge vyekundu peke yake. Lilikuwa pia tukio langu la mwisho kabla ya mafuriko.

Tulijipanga. Sikuwa nimelala. Nililisema lile neno nikioga, nikivaa, nikipakwa poda, vyekundu, vyekundu, kwa woga kwamba saa ikifika halitatoka na watu waseme nimerudia. Phumelele aliingia amevaa koti jeupe, akamsalimia kila mtu kwa jina, nami akanisalimia. Kamera zikawashwa. Akamshika bibi mkono.

"Mama, dawa ya presha usiiache kamwe," akasema. "Nilichokuambia uache ni vile vidonge."

Akasita. Mahali palepale. Nikafungua mdomo, hewa ikiwa tayari kifuani.

Hakugeuka. Nilimwona kwa upande, shingo imesimama, mshipa unapiga. Akafumba macho kidogo.

"Vyekundu," akasema.

Binti anayefuatilia maneno akainua uso kutoka kwenye karatasi zake, maana pale hakuna asiyejua. Akamaliza sentensi yake bila kosa, akangoja kamera zizimwe, akaomba maji. Alisukutua akatema kwenye beseni la wodi, akasukutua tena, akasema chini kwa chini, nisamehe, Baba. Kisha akamuuliza Bwana Govender kama imepita.

Akamwambia imepita. Mimi nilikuwa bado nimefungua mdomo.